Kitanda Chenye Viatu

Bomba lilikohoa gizani. Lilikohoa mara moja, likanyamaza kama mtu anayetafuta la kusema, kisha likatoa tone lililogonga kitako cha ndoo tupu.

Chiriku alifungua macho. Jioni Mama alikuwa ameacha ndoo chini ya bomba la uani, na bomba lenyewe wazi, ili maji yakija wasikie. Wapangaji wote wa nyumba ile walitumia bomba hilo moja. Mwenye nyumba alilifunga kila kukicha jua linapochomoza, na aliyechelewa kuamka siku hiyo alioga kwa kikombe.

"Yamekuja, mwanangu," Mama alinong'ona, ingawa Chiriku alikuwa tayari anazitafuta kandambili zake kwa vidole vya miguu.

Walipofika uani, jirani yao wa chumba cha pili alikuwa anatoka akipiga miayo, ndoo kichwani.

"Wewe mtoto, hivi huwa unalala kweli?" aliuliza. "Kila siku unanitangulia."

"Nalala, shangazi. Ila sikio la kulia huwa linabaki macho."

Jirani alicheka mpaka ndoo ikayumba. Hata jina la Chiriku lilitokana na mambo kama hayo. Tangu alipojua kuongea hakukauka maneno, na maneno yake mengi yalikuwa maswali. Kwa nini paka hanawi uso kwa maji? Nani alimkata nywele kinyozi wa kwanza? Mama alimfananisha na yule ndege mdogo asiyetulia tawini, na jina likamganda.

Asubuhi ile Mama alibeba ndoo mbili, akasimama mlangoni kupumua. Mara nyingi alikuwa akisema, "Ipo siku tutakuwa na bomba letu." Chiriku alilizoea neno hilo kama alivyozoea mlio wa cherehani. Lakini leo Mama aliongeza jingine.

"Jumamosi tunakwenda kuiona nyumba," alisema. "Nyumba ya kununua."

"Ina bomba?" Chiriku aliuliza.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, na kazi haikumpa mapumziko tangu Baba alipofariki, Chiriku akiwa bado hajaanza shule. Kila alipolipwa, aliweka kidogo katika chama cha akiba. Hakununua kabati wala televisheni. Mpango wake ulikuwa nyumba ndogo yenye vyumba vitatu: kimoja waishi wao, viwili wapangishe. Kodi ya vyumba hivyo ingelipa karo ya Chiriku, na siku macho ya Mama yakichoka kutunga uzi katika sindano, wasilale njaa.

Aliyewapeleka kuiona nyumba ni Mjomba, mdogo wake Mama. Mjomba alitengeneza simu kwenye kibanda karibu na stendi, na kati ya simu moja na nyingine alitazama video za watu waliotajirika kwa kupangisha nyumba. Njiani alizungumza yeye tu.

"Uzuri wa nyumba, dada, ni kwamba hailali. Wewe umejifunika shuka unakoroma, nyumba inakufanyia kazi."

"Na ikiugua, Mjomba?" Chiriku aliuliza.

"Nani?"

"Nyumba."

Mjomba alimtazama Mama. "Huyu mtoto umemzaa mwenyewe au ulimwokota mahakamani?"

Jua lilikuwa kali siku hiyo na barabara ilikuwa kavu, imejazwa kifusi chekundu kilichoinuka juu ya nyumba za pande zote mbili. Dalali aliwangoja kivulini. Alikuwa na viatu vyeupe, na kila alipokanyaga alitazama kwanza pa kukanyaga. Alikuwa na ulimi laini pia. Alimwita Mama "mama mwenye nyumba" kabla hata hajavuka kizingiti, na Chiriku aliona mabega ya Mama yakiinuka kidogo kwa furaha.

Nyumba ilikuwa nzuri. Hilo hakuna angeweza kulikana. Ilinukia rangi mpya. Kuta zilikuwa na rangi ya maziwa, na chini, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa magoti, zilipakwa mkanda wa rangi ya kahawia iliyokolea.

"Mkanda huo ni wa nini?" Mama aliuliza.

"Ah, ni kuficha uchafu, mama mwenye nyumba. Si unajua watoto na mikono yao."

Uani kulikuwa na bomba. Bomba lao peke yao. Mama alilifungua, maji yakatoka, akalifunga, akalifungua tena bila sababu. Kisha akamshika Chiriku mkono akampeleka chumba cha katikati, ambacho kilikuwa kitupu. Kilikuwa na dirisha pana linalotazama uani.

"Hapa chini ya dirisha," Mama alisema kwa sauti ndogo, "utaweka meza yako ya kusomea."

Chiriku hakuwahi kuwa na dirisha. Chumba chao kilikuwa na tundu lenye wavu, karibu na dari, na ili kuona mawingu ilibidi apande juu ya ndoo iliyofunikwa. Alisimama pale akaweka viwiko juu ya kizingiti cha dirisha, akajiona anasoma, akajiona anachungulia mvua.

Chumba cha mwisho kilikuwa na mpangaji. Dalali alipita mbele ya mlango wake haraka. "Humu tusimsumbue mtu. Ni kama vile vingine tu." Lakini mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, na Chiriku alichungulia.

Kitanda kilikuwa juu sana. Kila mguu ulisimama juu ya matofali mawili. Kabati nalo lilisimama juu ya matofali. Jiko la mkaa lilikaa juu ya meza, na mfuko wa unga ulining'inia ukutani kwenye msumari.

"Kwa nini wameinua kitanda?" Chiriku alimuuliza dalali.

"Nafasi, binti yangu. Watu wa mjini wana akili. Unainua kitanda, chini unaweka masanduku."

Chiriku aliinama kutazama. Chini ya kitanda hapakuwa na sanduku hata moja. Palikuwa patupu, pamefagiliwa vizuri.

Wakubwa walirudi uani kuzungumza mambo ya bei. Mlangoni pa kile chumba aliketi msichana mdogo wa miaka kama mitano, mwenye alama nyeusi shavuni. Wote walimwita Kidoti. Alimkagua Chiriku kuanzia nywele mpaka kandambili, akaridhika.

"Kitanda chetu kina viatu," alisema kwa majivuno.

"Nimeviona. Viatu vya nini?"

"Kisilowe miguu. Mvua ikija, maji yanaingia ndani. Siku ile kandambili yangu ilitoka mlangoni yenyewe, ikaenda zake. Mama akaikimbiza."

"Kidoti." Sauti ilitoka ndani, si kubwa, lakini kali. Mama Kidoti alikuja akamwinua mtoto wake, kisha akamtazama Chiriku. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka kabla ya saa sita mchana.

"Mwanangu," alisema, "watoto wadogo huongea. Usiyabebe mpaka nyumbani. Mwenye nyumba akisikia nimemharibia biashara, atatutoa. Na mimi nikitolewa hapa sijui pa kwenda. Umenielewa?"

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Hakujua ameitikia nini hasa.

Uani, dalali alikuwa anaangalia saa yake. "Sitaki kuwaharakisha, lakini kuna mteja mwingine anakuja leo mchana. Huyo hana maswali. Mkileta malipo ya awali kabla ya Jumamosi ijayo, nitamzuia."

Njiani kurudi, Mjomba alipiga hesabu kwa vidole. Vyumba viwili, kodi ya kila mwezi, mara miezi ya mwaka mzima. Alipofika mwisho alipiga mluzi. "Dada, ungechukua na mkopo kidogo juu, mwaka kesho tungekuwa tunanunua ya pili." Mama alitabasamu. Alikuwa anatembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Chiriku hakusema aliyoyasikia.

Hakusema Jumapili, wala Jumatatu. Alichota maji, akaenda shule, akarudi, akafanya kazi zake za shule sakafuni. Kila alipotaka kusema aliliona lile dirisha. Kisha alimwona Mama Kidoti amesimama barabarani na kitanda chake. Kisha aliliona tena dirisha, na alijua, ingawa hakupenda kujua, kwamba ni dirisha zaidi kuliko Mama Kidoti lililomfunga mdomo.

Siku iliyofuata alipitia kibarazani kwa Mama baada ya shule, kama kawaida, akaketi kwenye kigoda kumsaidia kukata nyuzi. Mama alikuwa amemaliza shati la shule. Aliligeuza ndani nje, akaanza kupitisha kidole juu ya mishono, pole pole, kwapani, begani, kwenye kola.

"Kwa nini unaligeuza kila mara, Mama? Si umelishona mwenyewe?"

"Ndiyo maana naligeuza. Kwa nje kila shati ni zuri. Mshono uliokosewa huwa unajificha ndani, na mtoto wa watu akilivaa ndipo unafumuka, tena mbele ya darasa zima." Alimtazama bintiye. "Halafu nina shati jingine hapa ambalo nataka kuligeuza. Chiriku gani huyu asiyelia siku ya tatu leo? Jirani ameniuliza kama unaumwa."

Chiriku alikata uzi ambao haukuhitaji kukatwa.

"Mama," alisema, "ile nyumba tuliigeuza?"

Mguu wa Mama ulikuwa juu ya pedali. Ulibaki hapo hapo, bila kukanyaga.

Ndipo Chiriku akasema yote. Alisema habari ya viatu vya kitanda, na kandambili iliyokwenda zake, na chini ya kitanda kulikokuwa kutupu. Alisema jinsi Mama Kidoti alivyomwomba. Mwishoni kabisa alisema lile lililokuwa gumu kuliko yote.

"Sikusema mapema kwa sababu nilitaka dirisha."

Mama alilikunja lile shati, akalikunjua, akalikunja tena. Wateja walipita mbele ya kibaraza na hakuwaona.

"Hata mimi nililiona lile jiko juu ya meza," alisema hatimaye. "Nikajiambia, labda anaogopa mtoto asiungue. Mkanda ule wa rangi nao niliuona. Nikajibiwa jibu la haraka, nikalipokea haraka. Unajua kwa nini? Kwa sababu ya bomba." Alipangusa uso kwa upande wa kanga. "Usilie. Umechelewa, lakini hujachelewa sana. Pesa bado iko kwenye chama."

"Kwa hiyo hatununui?"

"Bado sijui. Maneno ya mtoto wa miaka mitano hayatoshi kuinunua nyumba wala kuiacha. Tutakwenda kuiona na mvua."

Kusema kulikuwa rahisi. Mvua yenyewe ilijivuta. Mawingu yalikusanyika kila alasiri, yakatazamana, yakatawanyika. Dalali alipiga simu. Yule mteja mwingine, alisema, ana pesa mkononi na amekasirika.

"Basi muuzieni," Mama alimjibu. "Mimi nangoja mvua."

Aliiweka simu chini, akarudi kwenye cherehani. Mjomba naye alifika jioni akiwa amenuna.

"Dada, utabaki kituoni na mizigo yako, gari limeondoka. Nani ananunua nyumba kwa kungoja mvua?"

"Mimi."

"Na ikiuzwa?"

"Ikiuzwa nitalia kidogo," Mama alisema. "Kisha nitaendelea kushona. Nikiinunua mbovu nitalia mpaka uzee."

Ijumaa, darasani, Chiriku alisikia matone ya kwanza juu ya bati. Hakumsikia tena mwalimu. Kengele ilipolia alikimbia mpaka kibarazani, akamkuta Mama ameshaifunika cherehani kwa karatasi ya nailoni, mwavuli mkononi, na Mjomba amekunja suruali mpaka magotini akilalamika kuhusu viatu vyake.

Mvua ilikuwa kubwa. Walipofika mtaa ule walisimama wakatazama. Ile barabara iliyojazwa kifusi ilikuwa imegeuka mgongo wa maji. Maji yaliteremka kutoka pande zote mbili za mgongo huo, na yale ya upande wa kushoto yalikwenda moja kwa moja kwenye ile nyumba yenye rangi ya maziwa, yakapita getini, yakapanda kizingiti na kuingia, kama mgeni anayeijua njia.

Mama Kidoti alikuwa anachota maji chumbani kwa beseni na kuyamwaga nje. Yalimfika juu ya kifundo cha mguu. Kidoti alikuwa juu ya kitanda, mkavu kabisa, akipunga mkono.

"Mmekuja kuogelea?" Mama Kidoti aliuliza. Alipomtambua Chiriku, uso wake ulibadilika. "Kumbe uliyabeba."

"Aliyabeba kwangu, na yataishia kwangu," Mama alisema. "Hakuna atakayejua kuwa ni wewe. Kwanza nimeyaona kwa macho yangu. Una beseni jingine?"

Walichota wote wanne. Mjomba aliacha kulalamika, maana suruali ilikuwa imelowa mpaka kiunoni na haikubaki kitu cha kulinda. Mvua ilipopungua walipanda kitandani, wakaketi kwa safu, miguu imekunjwa, kitanda kikilia chini yao. Kidoti alikaa mapajani mwa Chiriku.

"Siku ile nilipaswa kukuuliza," Mama alisema. "Nilinunua maneno ya mtu ambaye halali humu."

"Na mimi ningekuogopa," Mama Kidoti alijibu. "Lakini leo umenikuta na beseni, nitaficha nini?"

Akasimulia. Zamani maji hayakuingia. Yalianza walipoinua barabara, nyumba ikabaki chini kama mtu aliyechuchumaa. Kila mvua zikiisha, mwenye nyumba hupaka rangi upya. Vyumba vile viwili hupata wapangaji kiangazi, na mvua zikianza wanahama; safari hii havikupangishwa kwa kuwa nyumba inauzwa. Yeye mwenyewe alibaki kwa kuwa alipunguziwa kodi.

Mjomba alivitazama vidole vyake, vile alivyohesabia miezi ya mwaka mzima.

"Na karatasi za nyumba?" Mama aliuliza. "Ni za nani?"

"Hapo sijui sana. Najua mwenye nyumba na ndugu zake waliachiwa na baba yao. Kuna kaka yake huwa anakuja hapa, anasema nyumba inauzwa na yeye hajaulizwa."

Mama alivuta pumzi ndefu. Maji chini yao yalikuwa yanatulia, na ndani yake kifuniko cha sufuria kilizunguka taratibu.

Walirudi nyumbani jioni, viatu mkononi. Njiani Mjomba akasema, "Lakini dada, fikiria. Bei si mbaya. Unainunua kiangazi, unapaka rangi, unapangisha. Watu wanahitaji vyumba. Wakihama, wanakuja wengine. Mwenye nyumba si ndivyo anavyofanya?"

Mama alisimama katikati ya njia.

"Mdogo wangu, mimi ni mpangaji. Kila mwezi nampa kodi mtu anayenifungia bomba. Nikiinunua nyumba ile nikampakia mtu mkanda wa kahawia, nitakuwa nimenunua nyumba na tabia yake. Sitaki."

Mjomba aliinamisha kichwa. "Nimesema tu," alijibu. Alisema kwa upole, na hakulirudia tena.

Watu wengine wangeiacha nyumba pale pale. Mama naye aliiacha kwa wiki nzima. Lakini alimpeleka fundi mwashi akaitazame, naye akasema kuta ni imara na paa ni zima. Ugonjwa ni maji tu. Ukichimbwa mfereji kati ya barabara na nyumba, na sakafu ikainuliwa pamoja na vizingiti, vyumba vitakauka. Uani patabaki na maji siku za mvua kubwa, hapo hakuna ujanja. Alimtajia Mama gharama, na Mama hakuipenda, lakini sasa aliijua.

Kisha akaomba kuonana na mwenye nyumba mwenyewe, bila dalali. Alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mama alimweleza alichokiona na alichoambiwa na fundi. Hakupandisha sauti.

"Yule mteja mwingine anasemaje?" Mama aliuliza.

Mzee alivua miwani akaifuta. "Mteja gani?"

Wakatazamana, na mzee ndiye aliyeangalia pembeni kwanza. Alikiri kwamba amechoka na nyumba ile, na kwamba kila mwaka alipopaka rangi alijua iko siku atakuja mtu wa kuuliza. Walipatana bei iliyopunguzwa kwa kiasi cha gharama za mfereji na sakafu. Mama aliweka sharti moja: ndugu wote walioachiwa nyumba waje ofisi ya ardhi, waseme kwa midomo yao kwamba wanauza, na watie sahihi. Ilichukua muda. Yule kaka aliyelalamika alikuja mwisho, akauliza maswali mengi, akatia sahihi. Mkopo Mama hakuuchukua. Aliacha pia sehemu ya akiba yake kwenye chama, bila kuigusa, kwa ajili ya siku nyumba itakapougua.

"Lile swali lilikuwa zuri," Mjomba alimwambia Chiriku, akimvuta sikio la kulia. "Sikulipenda tu."

Mfereji ulichimbwa. Sakafu ziliinuliwa. Mama na Chiriku walihamia chumba cha katikati, na Mama Kidoti akabaki katika chumba chake. Mvua ya kwanza ilipokuja, wote walisimama milangoni kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Maji yalishuka kutoka barabarani, yakakutana na mfereji, yakageuka. Mengine yalijaa uani mpaka kwenye vifundo vya miguu. Vyumbani hayakuingia.

Siku hiyo Mjomba na Mama Kidoti walikishusha kitanda. Kidoti alilia machozi. Alisema kimevuliwa viatu na sasa kitatembea peku. Ilibidi Mama amshonee vifuko vinne vya kitambaa cha sare, wakakivisha kitanda miguuni, ndipo akanyamaza.

Jioni walikunywa chai mlangoni. Chiriku alikuwa ndani, viwiko juu ya kizingiti cha dirisha, akiwasikiliza.

"Mtu anayeanza," Mama alisema, "huona kodi tu. Haoni mwezi ambao chumba ni kitupu. Haoni bomba litakalopasuka. Hamuulizi anayelala ndani, hajui karatasi ni ya nani, na anayemwonyesha nyumba hulipwa ikiuzwa, si ikikaa vizuri. Mimi nilikuwa karibu kuufumua mshono wa miaka yangu yote kwa sababu ya bomba." Aligeuka kuelekea dirishani. "Na wewe, Chiriku, nakuona, ulikuwa karibu kunyamaza kwa sababu ya dirisha hilo. Sote wawili tulikitaka kitu mpaka tukaacha kukitazama. Mwanangu, kitu ukikitaka sana, hapo ndipo ukigeuze na kukitazama ndani. Na ukikijua kibaya chake, usimwachie mwenzako akigundue amelala."

Chiriku aliyaweka maneno hayo moyoni.

Chumba cha tatu kilikaa kitupu. Mwezi ulipita, mwingine ukaanza, na karo ya Chiriku ilikuwa inakaribia. Mama alishona mpaka jioni sana. Jumamosi moja yenye jua, alikuja muuguzi kijana mwenye begi begani, anatafuta chumba karibu na kazi. Alikipenda. Mjomba, aliyekuwa amekuja kufunga taa, alimsifia hewa, akamsifia ukimya, akamsifia bomba.

"Ni kizuri kweli," muuguzi alisema. Alikuwa ameshashika pochi. "Hakina tatizo lolote?"

Mjomba alianza kuikagua taa ambayo tayari ilikuwa inawaka. Mama alikuwa mlangoni, uzi mdomoni, shati mkononi. Angeweza kusema yeye. Badala yake alimtazama bintiye, akangoja.

Chiriku alitazama uani, pakavu, pamefagiliwa vizuri. Alimtazama yule muuguzi na viatu vyake vyeupe vya kazini.

"Dada," alisema, "njoo ukione tena siku ya mvua."